Nyumba Imesimama, Sanduku Ni Tupu

Leo tunaleta swali moja mbele yenu kusudi tulifikiri pamoja. Mutu aliyemaliza feza yake yote kwa kujenga nyumba, na sasa anakaa ndani peke yake pasipo kitu mukononi, je, ni tajiri ao ni masikini? Na kama majirani wanamwita tajiri, anapaswa kuwajibu nini?

Swali hili si la muchezo. Sisi mashemasi tunapotembelea waamini katika mitaa ya Lubumbashi, tunakuta shida hii mara nyingi. Tuchukue mufano wa mwanamuke anayefundisha shuleni, asiye na bwana wala mutoto. Miaka mingi amepanga katika nyumba za watu. Ameweka feza kidogo kidogo, amenunua kiwanja, amechomesha matofali, ameweka malata. Siku ya kuhamia, wote wanakuja kuimba, kuomba na kula. Kesho yake anafunga mulango na kuhesabu feza iliyobaki: haitoshi hata unga na gunia la makala. Dirisha mbili zimefungwa na mbao. Hana mutu wa kugawa naye garama, wala mutu wa kumwambia: leo hatuna kitu.

Inje watu wanasema mengine. Wanaona malata mapya yanangaa, wanasema: huyu amekuwa patroni. Jamaa ya kijijini inamutumia mutoto wa kulea. Mupwa wake anaomba feza ya masomo. Na sisi katika kanisa, tunapoandika michango, tunamutia katika hesabu ya wale wanaoweza kutoa mingi. Kila mutu ametazama paa ya nyumba, na hakuna aliyetazama chungu.

Kwanza tujue hili: kutia feza katika matofali si upumbavu. Wazazi wetu walifundishwa na mateso. Mwezi wa 12 mwaka 1979, Serikali iliondoa noti za zaire 5 na zaire 10 kwa siku chache tu, na wengi waliokuwa wameficha feza nyumbani wakabaki na karatasi. Mwaka 1991, huko Kinshasa, watu wengi walipeleka akiba yao kwa Bindo Promotion, iliyoahidi kuizidisha mara nyingi. Ikaanguka, na feza yao ikapotea. Mwaka 1993 zaire mupya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3.000.000. Kisha mwaka 1998 franka moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mupya 100.000. Aliyekuwa na feza ya kutosha nyumba, akaiweka tu katika sanduku miaka ile, mwishoni hakuweza kununua nayo hata kitasa cha mulango. Lakini aliyejenga alibaki na ukuta.

Basi, mwalimu wetu hakupoteza akiba yake. Akiba imegeuka sura: ilikuwa karatasi, sasa ni ukuta. Asijihukumu, wala mutu asimucheke. Lakini ukuta hauliwi. Mutu anaweza kuwa na mali na kulala njaa ndani ya mali ile. Ndiyo sababu tunasema kwamba yeye si tajiri namna majirani wanavyofikiri, na si masikini namna anavyojiona usiku. Ana mali, hana feza. Maneno haya mawili ni ya kweli pamoja, na anayesema moja tu anajidanganya.

Sasa tufike kwenye moyo wa swali. Kunyamaza juu ya shida yako, je, ni uongo? Tunajibu: si kila kunyamaza ni uongo. Hakuna anayepaswa kufungua mufuko wake mbele ya kila mupita njia. Tena mutu anayekaa peke yake anafanya vizuri kutotangaza mambo yake kwenye kisima, kwa sababu wezi pia wana masikio. Lakini ukimwambia mupwa wako «nitatuma wiki ijayo», na unajua kwamba wiki ijayo hakuna kitu, huo ni uongo, na mutoto yule atakungojea bure. Na ukienda kukopa kusudi upate cha kumupa, ili jina la patroni lisianguke, huo pia ni uongo. Umeusema kwa mikono badala ya kinywa.

Tena uongo wa mikono una bei kali. Munajua mikopo ile watu wanaita Banque Lambert. Unachukua dolari 100, mwisho wa mwezi unadaiwa 150. Usipoweza, deni linaendelea kuzaa. Anayekukopesha ataomba rehani, na wewe huna rehani ingine isipokuwa karatasi za nyumba. Ndivyo nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi inavyoweza kutoka kwa mwaka mumoja, kwa sababu tu mutu aliona haya kusema: sina.

Wengine watatuambia: mukisema hivyo munavunja desturi ya jamaa, mutu hawezi kumufungia ndugu yake mulango. Hatusemi afunge mulango. Tunasema atoe kile alicho nacho, asitoe kile asicho nacho. Ana nini? Ana paa. Ana chumba. Basi anaweza kusema wazi: «Mulango nitawafungulia, kitanda tutapata, lakini unga tuutafute pamoja.» Ndugu wa kweli atasikia neno hili na atakuja na mufuko wa mihogo. Yule anayekasirika alikuwa anatafuta feza, si ndugu.

Tena kukaa peke yake kuna hatari kupita njaa. Mutu anapougua malaria ndani ya nyumba yenye mulango mupya wa chuma, nani atajua? Kwa hiyo achague watu wawili ao watatu, jirani mumoja na waamini wawili, awaambie hali yake yote ilivyo. Wasipoona mulango wake umefunguliwa asubuhi, wapige hodi. Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Wengine wanapangisha chumba kimoja ili wapate feza. Ni njia nzuri, na inaondoa upweke. Lakini angalieni moyo wa mutu: jana alikuwa mupangaji, akalia juu ya garanti kubwa; leo mukono wake ni tupu, naye anataka kumudai mwenzake garanti ya miezi sita mara moja. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 31 Decemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Shida yetu haitupi ruhusa ya kumufanyia mwingine yale yaliyotuliza. Tena garanti ile si mali yako: siku mupangaji atakapotoka, ataidai. Ukiila leo, umejitia deni.

Kuna na njia zingine za kujisaidia polepole. Ile kodi uliyokuwa unalipa kila mwezi, endelea kuilipa, lakini sasa ujilipe mwenyewe. Ikiwa ulilipa dolari 40 ukaishi, basi uzitenge hata sasa, kama vile mwenye nyumba anakuja kugonga. Mwezi wa kwanza ni nusu tu? Weka nusu. Mbele ya kununua kiti ao pazia, angalia kwanza maji ya mvua. Huku kwetu mvua inatukuta mwezi wa 11 mpaka wa 3 yenye nguvu, na tofali lisilofunikwa vizuri linalegea. Dirisha la mbao linaweza kungojea kioo, lakini paa inayovuja haingojei.

Likelemba pia ni nzuri, kwa sababu inamulazimisha mutu kuweka akiba mbele ya wenzake. Lakini mwenye mukono tupu asiombe zamu ya kwanza. Ukipokea wa kwanza kisha ukashindwa kutoa, umekula jasho la wenzako, na kanisa itakuwa na kazi ya kupatanisha. Chukua zamu ya mwisho, hata kama moyo unauma.

Juu ya karatasi, tusisahau: kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni mali ya Serikali; raia anapewa haki ya kuutumia, na haki ile inahakikishwa na karatasi inayoitwa certificat d'enregistrement. Barua ya aliyekuuzisha, hata ikiwa na mashahidi, haitoshi. Basi akiba ya kwanza utakayopata iende huko, mbele ya rangi ya ukuta. Na fikiri: hata sheria ya watu inakuambia kwamba udongo chini ya kitanda chako si wako. Sasa kiburi cha nini? Na aibu ya nini?

Kwa kumaliza tunasema neno kwetu wenyewe, mashemasi na wazee wa kanisa. Yesu alitazama sarafu mbili za mujane, akajua zilikuwa nini kwake. Sisi tunatazama malata, kisha tunaandika muchango. Hiyo si haki. Tunakuja wengi siku ya kubariki nyumba, tunakula, tunaenda. Inafaa turudi mwezi wa pili, pasipo ngoma, wawili wawili, na kuuliza kwa sauti ndogo: umekula? Na yule tunayemuuliza asijibu «niko muzima» kwa desturi tu, ikiwa si kweli. Upendo hauwezi kusaidia mulango uliofungwa.

Basi, jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: mwenye nyumba mupya na sanduku tupu ni mutu aliyefanya kazi nzuri na bado anahitaji wenzake. Asikatae neno la kwanza, wala asione haya juu ya neno la pili. Majirani wakimwita tajiri, ajibu pasipo hasira: «Nyumba nashukuru, feza bado natafuta.» Akiweza kusema hivyo, atalala vizuri chini ya malata yake. Na feza, kama mutu ni mwaminifu katika kidogo, itarudi polepole.

Bwana azibariki nyumba zenu, na awape wale wanaokaa peke yao mutu wa kupiga hodi.