Wazee Wetu Wanaposahau



Katika Zaburi ya 71 mzee amlilia Mungu asimtupe nguvu zake zinapopungua. Kilio hicho kimo nyumbani mwetu pia, toka Ipinda hata Matema. Mama akiuliza jambo lile lile mara tatu, au baba akipotea njia akitoka shamba la mpunga, twasema, "Ni uzee tu." Wengine hunong'ona habari za uchawi.

Kusema "uzee" si kumsaidia, na kumsingizia mtu uchawi ni kumshuhudia jirani uongo. Mwaka 2010, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wakulima kama sisi. Ilionekana kwamba kama 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu. Basi ni maradhi, nayo yana aina zake.

Mara nyingi hutangulia kipindi cha kusahau kidogo, mtu angali akijitegemea. Hapo mashine za CT na MRI huweza kupiga picha ya ubongo. Mmoja huonekana sehemu itunzayo kumbukumbu imesinyaa: huenda ni ugonjwa wa Alzheimer. Mwingine ana makovu ya mishipa midogo iliyoharibiwa na shinikizo la damu. Akitibiwa shinikizo, madhara zaidi yaweza kuzuiwa. Wa tatu ana damu iliyovilia tangu alipoanguka, nayo yaweza kuondolewa. Lakini picha peke yake haitoshi; daktari hana budi kumhoji mgonjwa na jamaa zake, na kupima damu. Wala si wote wanaozidiwa. Wengine hurudia hali yao ya kwanza.

Tufanye nini basi? Si kila nyumba yenye nauli ya kwenda hospitali kubwa Mbeya. Lakini shinikizo la damu hupimwa hata karibu na nyumbani. Tuanzie hapo, mapema. Na yule ambaye ugonjwa wake hauna dawa, tumshike mkono twende naye kanisani, tumtajie majina yetu kila asubuhi bila kuona taabu.

Yule mhalifu msalabani aliomba jambo moja tu, akumbukwe. Na Bwana alimkumbuka. Mzee aweza kulisahau jina la mwanawe, hata sala aliyoisali miaka yote. Mungu hamsahau. Nasi tulio mwili wa Kristo, tusimsahau. Amina.