Cheo ni Dhamana, Kikao ni Mlinzi Wake

Wahenga walituachia neno kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hawakukusudia kwamba wazee hawakosei. Walikusudia kwamba jambo likiwekwa mbele ya watu, likazungumzwa hadi likafahamika, kosa lake huonekana kabla halijaleta madhara. Hapo ndipo tupendapo kuanzia mazungumzo yetu juu ya demokrasia. Je, taifa lililokwisha kuandika misingi mizuri limekwisha kujilinda? Na mwananchi anyamazaye kikaoni, je, hana sehemu katika kosa litakalofuata?

Misingi yetu si haba. TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, iliwafundisha wanachama wake kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba cheo ni dhamana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawawekea viongozi miiko. Katiba ya mwaka 1977, pamoja na mabadiliko yake ya mwaka 1984 yaliyoingiza haki za binadamu, yatamka wazi kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.

Hata hivyo, yatupasa kukiri kwamba misingi haijilindi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na madaraka yakakabidhiwa watumishi wa Serikali mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo ya vijijini. Lakini aghalabu mwananchi alijikuta akipangiwa mambo badala ya kuyapanga. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha serikali za mitaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Ikiwa hata waasisi waliweza kuteleza, sembuse sisi tuliorithi?

Tuangalie basi wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambako swali hili limeulizwa kwa uchungu. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda ni wenyeji wa milima na mabonde ya huko. Mashamba ya mkonge yalileta vibarua kutoka mbali, na wengi wao wakafanya makazi. Wafugaji wa Kiparakuyo nao wamelisha ng'ombe katika nyanda za huko kwa vizazi. Upande wa kusini, katika mji wa Mikumi, barabara kuu iendayo Iringa na Zambia imekusanya wafanyabiashara wa kila kabila. Na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imeweka mpaka ambao jembe na mifugo havipaswi kuuvuka. Ardhi ni ile ile, lakini wanaoihitaji wanaongezeka.

Mwezi Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliishia katika mauaji ya watu 38. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani humo. Watafiti waliochunguza maafa hayo hawakutaja uhaba wa ardhi peke yake. Walieleza pia jinsi rushwa ilivyowaondolea watu wa pande zote mbili imani kwa wenye mamlaka. Mtu akikata tamaa ya kusikilizwa, hutafuta njia nyingine ya kusema, na njia hiyo yaweza kuwa panga au mkuki.

Si kwamba sheria haikuwapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotungwa mwaka 1999, yaitaka halmashauri ya kijiji iisimamie ardhi kama mdhamini, wala isiigawe pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yaagiza pia liwepo baraza la ardhi la watu saba, watatu wao wakiwa wanawake, ili kusuluhisha migogoro. Na mkutano mkuu huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haumwulizi mtu kabila lake, wala kama anashika jembe au fimbo ya kuchungia. Hapo usemi kwamba cheo ni dhamana umepewa nguvu ya sheria. Lakini sheria haiwezi kwenda mkutanoni kwa niaba yetu. Kikao kisipoitishwa, au kikiitishwa watu wasiende, au wakienda wasiulize, mgawo wa ardhi utaamuliwa na wachache gizani.

Hapana budi tuitazame hoja nyingine, nayo ni nzito. Wako wasemao kwamba demokrasia ni hesabu tu: wengi wape. Lakini katika vijiji vingi vya Kilosa wakulima ni wengi na wafugaji ni wachache. Viko pia vijiji vya wafugaji ambamo mkulima ndiye mchache. Je, wengi wakinyosha mikono kumnyima mchache njia ya kupitisha ng'ombe kwenda mtoni, au kumfukuza mkulima katika shamba alilolilima kwa haki, tuseme haki imetendeka? La. Wengi wanayo haki ya kuamua, lakini hawana haki ya kumvua mwenzao ubinadamu wake. Kushiriki bila misingi huzaa udhalimu wa wengi. Na misingi bila kushiriki hubaki maandishi kabatini.

Tukirudi kwenye swali letu, twajibu kwamba kimya kina lawama, ila lawama hiyo haigawanywi sawa. Kiongozi aliyeficha hesabu, au aliyemtisha muulizaji, hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mnyonge aliyenyamaza kwa hofu hatuwezi kumweka naye mizani moja. Lakini sisi tuliosoma, tunaojua sheria yasema nini, kisha tukaona haya kusimama tukauliza, udhuru wetu ni mdogo sana.

Kwa hiyo kazi hii yaanzia shuleni. Mwalimu akubalipo kuulizwa na wanafunzi wake katika baraza la shule, na kiranja asomapo hesabu ya fedha za wenzake bila kuombwa, hao wanaijenga nchi. Mwanafunzi aliyezoea kumsikiliza mwenzake wa kabila jingine hadi amalize kusema, kesho atakaa naye katika mkutano wa kijiji, Kilosa au kwingineko, nao wataamua pamoja njia ya ng'ombe ipite wapi na mpaka wa shamba uishie wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 hawakuusubiri ukuta huo ujengwe.