Je, Chombo Safi Huisafisha Kazi Yake?

Mito huleta tope, mawimbi huleta mchanga, na bandari isiyochimbwa mwisho wake ni kufungwa. Ndiyo maana kuna meli za kuchimba kina, ambazo hukata sakafu ya bahari au ziwa na kunyonya mchanga kwa pampu. Kazi hii hula mafuta mengi na kutoa moshi mwingi. Katika miaka ya karibuni zimetokea meli zenye kutoa hewa chafu kidogo zaidi. Spartacus, meli ya kampuni ya DEME ya Ubelgiji iliyoanza kazi mwaka 2021, ina nguvu ya kilowati 44,180 na inaweza kutumia gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika. Kampuni ya Jan De Nul nayo ina meli zinazochuja moshi kabla haujatoka. Insha hii inauliza: je, usafi wa chombo unaifanya kazi yake kuwa safi?

Wanaojibu ndiyo wana hoja nzito. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Ikiwa ni lazima bandari ichimbwe, basi ichimbwe kwa namna isiyojaza masizi mapafuni mwa mabaharia, makuli na wakazi wa jirani. Mfuasi wa Bentham, anayepima tendo kwa jumla ya raha na maumivu yanayotokana nalo, angekubali mara moja. Mimi pia nakubali.

Hata hivyo, hoja hiyo imeegemea neno moja: lazima. Tuangalie Lwera, hapa Uganda, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka. Huko mashine hunyonya mchanga wa ujenzi kutoka ardhi oevu inayopakana na Ziwa Viktoria. Hakuna meli inayosubiri kupita. Yanayosubiri ni malori. Tuchukulie kwamba kesho mashine zote za Lwera zitaendeshwa kwa umeme wa jua. Moshi utakwisha, lakini mashimo yatabaki. Mafunjo yatazidi kung'olewa, pamoja na maji ya kina kifupi ambamo kambale na kamongo huzaliana. Kwa mvuvi, shimo lililochimbwa kwa umeme na lililochimbwa kwa dizeli ni shimo lile lile.

Kwa nini basi tunaridhika upesi na habari za moshi? Nadhani ni kwa sababu moshi una kipimo. Huhesabiwa kwa tani, huandikwa kwenye ripoti, na hupanda kwenye anga ya watu wote, hivyo hata mkopeshaji aliye mbali hujali. Tope halisafiri hivyo. Hubaki kwa jirani, na jirani hana ripoti. Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia malengo ya wengine. Mvuvi akiuliza kuhusu samaki wake, nasi tukamjibu kwa takwimu za moshi, hatujamjibu. Tumemtoa kwenye hesabu. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtu anaweza kunipinga kwamba sisi sote tunalala katika nyumba za saruji na mchanga, na kwamba mji unaokua hauwezi kujengwa kwa maneno. Ni kweli. Lakini kuhitaji mchanga si sawa na kuwa na haki ya kuuchukua popote, kwa kiasi chochote, bila kumuuliza anayeishi hapo. Hitaji letu linatuongezea wajibu, kwa kuwa sisi ndio tunaofaidika.

Kwa kuhitimisha, naona kuna maswali matatu, na mpangilio wake una maana. Kwanza, je, ni lazima kuchimba hapa? Pili, nani atapoteza, na je, ameulizwa na kufidiwa? Tatu, tutumie injini gani? Meli safi ni jibu zuri la swali la tatu. Kosa ni kulitoa jibu hilo kabla ya mawili ya kwanza kuulizwa.