Ukikutana na Kwenu Ugenini

Wajukuu zangu mnaojaliwa kwenda nchi za watu kwa masomo, kazi au matembezi, nawausia jambo moja. Iko siku, mkiwa mnashangaa vya wenzenu, mtakutana na cha kwenu. Siku hiyo msipige picha tu mkapita.

Anayetembelea Museum für Naturkunde mjini Berlin hupokewa na mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa, kimo chake zaidi ya mita 13. Huyo ndiye mjusi wetu wa Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani walichimbua mabaki ya huko kati ya 1909 na 1913, wakati wakitutawala, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiachia Kusini njaa na makaburi.

Moyo ukikuruka kwa fahari, uache uruke, ni haki yako. Kisha uliza: nani waliyatoa ardhini, na nani waliyabeba? Walikuwa babu zetu. Boheti bin Amrani aliwasimamia wachimbaji, naye alikuwa fundi hasa wa kuitambua mifupa. Kwa kuwa gari halikuwapo wala reli, wapagazi waliitia mifupa vichwani na mabegani, wakakanyaga njia ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mzigo wote ulipita tani 200. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kumuenzi Boheti. Wapagazi wengi hata majina yao hatuyajui.

Nasikia vijana mkibishana kama mjusi arudishwe au tudai mgawo wa mapato. Bishaneni, ni mali yenu. Lakini mtu hadai asichokijua. Someni habari zake, na mkirudi likizo msiishie Dar es Salaam. Shukeni Kusini, fikeni Tendaguru kwenyewe, kaeni na wazee wa vijiji vya jirani, muwaulize walichosimuliwa na wazazi wao, mkiandike.

Na mkiwa kule Berlin, akisimama mgeni kando yenu akishangaa, msione haya. Mwambieni kwa adabu: huyu katoka kwetu, na waliombeba ni babu zetu. Mkataa kwao mtumwa. Mwenyezi Mungu awatangulie safarini, awarudishe salama.