"Ni Wetu" Kwa Haki Gani?



Mwezi wa nane mwaka 2025, sisi tunaoishi hapa Muhuta, tukiitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, tulifuata kwa simu na kwa kusimuliana safari ya binti mmoja katika mashindano makubwa ya tenisi mjini Montreal, Kanada. Jina lake Victoria Mboko. Alikuwa na miaka 18, wa 85 duniani, na aliingia kwa kualikwa tu na waandaaji. Akamtoa Coco Gauff, bingwa wa Ufaransa wa mwaka huo huo. Katika nusu fainali Elena Rybakina alichukua seti ya kwanza 6-1, na baadaye akabakiza pointi moja tu ashinde, Victoria hakukubali. Tarehe 7 Agosti, kwetu ikiwa usiku wa kuamkia tarehe 8, alimshinda Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 na kutwaa kombe.

Tukasema: "Ni wetu!" Kwa nini? Kwa sababu wazazi wake waliondoka Kongo mwaka 1999, hali ya siasa ilipokuwa mbaya. Lakini yeye alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, na anaichezea Kanada. Basi tunamwita wetu kwa haki gani?

Wako wanaosema kwamba mshindi hana uhaba wa ndugu. Neno hilo lina ukweli. Mwaka 2022 huyu Victoria, pamoja na Kayla Cross, alishindwa katika fainali ya wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Waliowashinda ni Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Afrika Mashariki ilimshangilia Angella, na ilikuwa haki yake. Lakini ni nani siku ile aliyejitokeza kumwita Victoria wetu?

Hata hivyo furaha yetu haikuwa ya uongo. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kushiriki furaha za wengine sawasawa na machozi yao. Kumfurahia mtoto wa mwingine, bila kutazamia chochote kutoka kwake, ni upendo. Hatari iko katika lile neno "wetu". Tukilitamka, Victoria hawi na deni lolote kwetu. Wenye deni ni sisi.

Deni la kwanza ni kumpenda hata siku atakayotolewa raundi ya kwanza. La pili ni zito zaidi: tusimgeuze kuwa fimbo ya kuwachapia watoto wetu. Maneno haya yanasikika majumbani: "Wazazi wake waliiacha nchi kama sisi, tazama alipofika! Wewe je?" Wapendwa, hiyo si haki. Victoria ni kitinda mimba wa watoto wanne, na wakubwa zake walicheza tenisi kabla yake. Alipata viwanja, walimu, na pasipoti ya kuvukia mipaka. Mtoto wetu anafukuza mpira wa matambara mchangani. Kuishi ukimbizini hakukumpunguzia kipaji; kulimpunguzia nafasi.

Basi jioni watoto wakicheza ufukweni, twende tukawatazame. Nao wanahitaji mtu wa kusema "Ni wetu!", tena aseme hivyo hata wakifungwa.

Mungu awabariki.