Maji ya Kisima cha Nyumbani

Wazee wa parokia yetu wana desturi ya kukaa barazani baada ya Misa ya Jumapili, na mtu akisimama kando akawasikiliza atagundua upesi kwamba mazungumzo yao hayahusu kesho. Ni habari za mwalimu aliyekuwa mkali, za mvua iliyovunja daraja, za marehemu fulani alivyocheza bao. Si siku nyingi kijana mmoja wa kwaya alitusikia, akatuuliza kwa adabu lakini bila kuficha: "Wazee wetu, mambo haya ya zamani yanawashibisha kweli?"

Tulicheka, tukamjibu kwa mzaha, naye akaenda zake. Lakini swali lake ni swali la haki, na tulipofika nyumbani lilitusumbua. Je, mtu aliyemaliza kazi yake ya mshahara ana haki ya kutafuta furaha yake katika ndugu zake, katika vitu alivyopenda zamani vya kujiburudisha, na katika kumbukumbu za utoto? Au huko ni kugeuka nyuma kama mke wa Lutu?

Twaanza na jambo jepesi. Sisi tuliosomea ualimu zamani tulifundishwa kuimba kwa sol-fa. Vijana wa leo huona zile herufi na nukta ubaoni wakadhani ni hesabu. Njia hii ilibuniwa Uingereza na mwanamke mmoja, Sarah Glover wa Norwich, ikatengenezwa zaidi na kuenezwa na mchungaji John Curwen (1816–1880), ambaye nia yake ilikuwa watu wa kawaida na watoto waweze kuimba bila kununua kinanda. Wamisionari wakaichukua wakaja nayo Afrika, maana ubao na chaki vilitosha. Kwa njia hiyo hiyo mwalimu mmoja wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni tu, mwenye kwaya ya watoto.

Basi, tulipostaafu tulikuta sandukuni daftari letu la chuoni la sol-fa, pembe zake zimeliwa na panya. Tulianza kulinakili upya ili kupitisha wakati, tusiseme uongo. Kisha mjukuu mmoja wa miaka tisa akakaa karibu, akauliza herufi hii husomwaje. Kabla ya taa kuzimwa alikuwa anashika sauti ya kwanza nasi ya nne. Kwa miaka karibu arobaini tuliishi kwa azimio la kazi na andalio la somo, na mkaguzi akija tulitetemeka kama watoto. Jioni ile hapakuwa na andalio wala mkaguzi, na mtoto alijifunza kuliko wengi tuliowafundisha kwa fimbo mkononi. Kijana wa kwaya akitaka jibu la nusu ya swali lake, na alichukue hapo. Ndiyo, yanashibisha. Kazi isiyo na mshahara wala mtihani humwonyesha mtu kwamba alikuwa mtu kabla ya kuwa mwalimu, na kwamba yule mtu bado yuko.

Kumbukumbu ni jambo gumu zaidi.

Sisi tulikulia upande wa Bonde, wilaya ya Muheza, katikati ya michungwa na minazi, na nje ya hapo mkonge, mkonge, mpaka macho yalipochoka. Gari moshi la Tanga, ambalo reli yake ilianza kujengwa mwaka 1893, ndilo lililokuwa saa yetu. Likipiga honi asubuhi nasi hatujafika kisimani, tulijua kwamba shuleni tutachelewa. Kisima kilikuwa bondeni chini ya shamba la mama yetu, chini ya mkuyu. Maji yake yalikuwa baridi, na yalikuwa na ladha kidogo ya majani. Tumekunywa maji mengi tangu hapo, ya mabomba na ya chupa, hatujapata tena ladha ile.

Lakini kumbukumbu hupenda kuchagua. Tukiukumbuka mkonge twakumbuka king'ora cha kiwandani na nyuzi nyeupe zilizoanikwa juani, na twaona fahari kwamba mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000. Hatukumbuki upesi wale manamba waliokuja kutoka mbali, wengine kutoka Msumbiji na Burundi, wakakata majani yenye miiba alfajiri hadi mchana kwa malipo madogo. Waisraeli nao jangwani walikumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Matofali na mijeledi hawakuyataja. Yule aliyeandika kitabu cha Mhubiri alikwisha kutuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Nasi twaongeza kwamba mara nyingi hazikuwa bora. Sisi ndio tuliokuwa na magoti mazuri zaidi.

Hata hivyo, hatukubali kwamba kukumbuka ni dhambi. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliifananisha kumbukumbu na mashamba mapana na majumba makubwa ya kifalme, akasema habari zake kirefu katika Maungamo yake, maana humo ndimo alimotafuta nyayo za Mungu. Mtu asiyekumbuka hana pa kushukuru. Ubaya hauko katika kukumbuka. Uko wapi basi? Tulidhani twajua, mpaka jambo letu wenyewe lilipotufundisha, nalo tutalisimulia ingawa si la sifa.

Mama yetu alipofariki alituacha sisi watoto wake wanne na lile shamba. Sisi watatu wakubwa tulikuwa na kazi mijini. Mdogo wetu wa kike, kitinda mimba, alikuwa ameolewa jirani na nyumbani. Baada ya miaka michache mwanawe alipata nafasi ya kusomea uuguzi, na ada haikuwapo. Akaja kwetu na shauri kwamba tuuze sehemu ya chini ya shamba, ile ya bondeni, kwa kuwa mnunuzi alikuwapo. Sehemu ya juu yenye nyumba na makaburi ibaki.

Tulikataa. Tulikaa kikao cha ndugu, tukanena maneno mazuri sana. Tulisema kwamba kumbukumbu ya mama haiuzwi. Tulisema kwamba tukistaafu sote tutarudi, tutakaa chini ya mkuyu, tutawaonyesha wajukuu kisima. Mmoja wetu alitoa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Mdogo wetu alinyamaza, akatumiminia chai. Tulimchangia ada kidogo, haikutosha, na nafasi ile ikapita. Haikurudi tena.

Mwaka uliofuata tulikwenda nyumbani kwa Krismasi. Tukateremka bondeni kwa hamu na wajukuu nyuma yetu. Kisima kilikuwa kimejaa matope na magugu, kwa sababu bomba lilikwisha kufika kijijini na hakuna aliyekuwa akiteka maji pale. Tulisikitika kwa sauti, tukalaumu watu wa siku hizi kwa uvivu. Ndipo mdogo wetu aliposema, bila kuinua sauti: "Kaka zangu, ninyi mliyanywa maji haya. Miaka ile ya mwisho ya mama, aliyeyateka ni mimi."

Ni kweli. Mama alikaa kitandani miaka minne. Sisi tulileta sabuni na sukari mwezi wa Desemba. Yeye alipanda mlima ule na ndoo kichwani kila siku, wakati mwingine akiwa na mimba. Kwetu sisi kisima kilikuwa wimbo, na kwake kilikuwa shingo inayouma. Nasi tukamtaka akae mlinzi wa wimbo wetu, tena mwanawe alipe gharama.

Tangu siku hiyo twaisoma kwa macho mengine habari ya Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23. Daudi alikuwa ngomeni, na Wafilisti walikuwa wamekaa Bethlehemu, mji wake wa kuzaliwa. Akatamani, akasema laiti mtu angempa maji ya kisima kile kilichoko karibu na lango. Hakuwa na kiu ya maji tu, maana kisima hakikosekani. Alikuwa na kiu ya utoto wake. Mashujaa watatu wakasikia, wakapenya katika jeshi la adui, wakayateka, wakamletea. Wengi wetu twadhani kwamba Daudi angeyanywa kwa shukrani. Hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha roho zao kwa ajili ya tamaa yake. Wala hatusomi kwamba alikemewa kwa kutamani. Alichokitambua ni nani aliyelipa. Sisi tulikinywea kisima chetu miaka mingi bila kuuliza swali hilo.

Yuko mzee mwingine katika kitabu hicho hicho ambaye twampenda zaidi, naye ni Barzilai Mgileadi. Alikuwa na umri wa miaka 80. Alimlisha mfalme huko Mahanaimu wakati wa taabu, na mfalme akataka amchukue Yerusalemu amtunze. Barzilai akakataa kwa upole. Alisema kwamba hata sauti za waimbaji hazisikii vizuri tena, na kwamba ataka kufia katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Mzee huyu alikuwa na haki yake ya nyumbani na ya zamani, na mfalme hakumshurutisha. Lakini tazameni alilofanya papo hapo: alimtoa kijana Kimhamu aende na mfalme badala yake. Alibaki yeye na makaburi yake, na kijana akampa barabara. Hakumwambia Kimhamu abaki ili amfukizie nzi chini ya mkuyu.

Na mama yake Agostino, Monika, alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe kwao Thagaste, na jambo hilo alilitaka sana. Alipougua akiwa safarini, huko Ostia katika Italia mwaka 387, aliwaambia wanawe wasihangaike na mwili wake, wauzike popote. Aliwaomba tu wamkumbuke altareni kwa Bwana. Twaona hapa kwamba Barzilai alishika na Monika aliachilia, na wote wawili hawakumlemea mtoto wa mtu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kushika ni vibaya na kuachilia ni vizuri. Kuna ndugu zetu hapa parokiani waliouza kila kitu cha wazazi kwa haraka ya fedha, nao leo hawana hata mahali pa kupeleka maua siku ya Marehemu Wote. Hao nao wana hasara yao, wala tusiwacheke.

Sehemu ya bondeni tuliiuza hatimaye, kwa shauri la mdogo wetu na kwa bei ndogo kuliko ile ya kwanza. Michungwa ilikatwa, na mkuyu pia. Tungekuwa waongo tukisema kwamba haikutuuma. Fedha alipewa yeye yote, akatengeneza nyumba yake na kumsomesha binti yake. Yule mwanawe wa kwanza alikuwa amekwisha kununua pikipiki kwa mkopo, naye hubeba abiria. Ni kazi ya halali na hatuidharau, lakini twajua kwamba mikono ile ilikuwa ya kufunga vidonda. Hajatulaumu hata mara moja. Afadhali angetulaumu.

Mdogo wetu huja kwetu Jumamosi mchana na ukili wake, anasuka mkeka kama alivyosuka mama, vidole vikienda vyenyewe. Hazungumzi sana juu ya zamani. Sisi ndio tunaouliza: mama alisema nini siku fulani, alikula nini, aliimba wimbo gani mwishoni? Yeye ndiye aliyekuwapo, basi kumbukumbu zilizo nzito ni zake, na tukitaka kushiba hatuna budi kuomba kwake. Huzitoa kidogo kidogo. Juzi alitukumbusha kwamba mama alikuwa akikosea siku zote sauti ya pili ya tenzi moja, na kwamba sisi sote twaikosea hivyo hivyo mpaka leo. Tukalifungua daftari la sol-fa. Ni kweli, twakosea.

Jumapili iliyopita miguu ilikuwa mibaya, na mpwa wetu akaja kutuchukua kwa pikipiki yake kwenda kanisani. Tulipopita juu ya bonde akapunguza mwendo.

"Mjomba," akauliza, "kisima kilikuwa wapi hasa?"

Tukamwonyesha kwa kidole. Sasa ni mahindi, yamefika kifuani, yanapendeza. Alisimamisha pikipiki, akatazama kitambo, hakusema neno. Kisha akaiwasha tena, tukaendelea, maana kengele ya pili ilikuwa imekwisha kugongwa.