Njia ya Mwenzako



Wanangu, nawasikia mkitoka ibadani mkipimana: huyu amejaa Roho, yule amepoa, fulani ameokoka miaka mingi na bado hajasimama kutoa ushuhuda. Wengine mnajipima wenyewe kwa kipimo hichohicho, mnalala mmevunjika moyo kwa kuwa mwenzenu hukesha katika maombi nanyi mnasinzia. Anayejivuna na anayejidharau wote wamemtazama jirani badala ya Bwana.

Someni mwisho wa Injili ya Yohana. Petro, aliyemkana Bwana mara tatu, ndiyo kwanza amerudishiwa kazi kando ya bahari ya Tiberia. Ameagizwa kuwalisha kondoo, tena amedokezewa atakavyokufa. Hayo yangemtosha mtu maisha yake yote! Lakini aligeuka, akamwona mwanafunzi mwingine akiwafuata, akataka kujua habari zake. Yesu hakumwambia. Alimtaka amfuate tu. Mimi huona huruma kubwa hapo, maana Petro hakupewa neema ya kuibeba njia ya mwenzake.

Wazee waliotulea kiroho walikuwa watu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Katika ushirika wao mtu alisimama akaitaja dhambi yake, si ya jirani. Nguvu yao ilikuwa hapo. Mwafrika na mmisionari Mzungu waliungama mbele ya wenzao na kuombana radhi, enzi za ukoloni! Lakini kufikia miaka ya 1970, ndugu wa Uganda walikuwa wamegawanyika. Waliojiita Bazukufu, yaani walioamka upya, walijitenga, na mambo kama kukopa fedha yakawa kipimo cha aliye macho na aliyelala. Naamini walianza kwa nia njema, wakitaka kuwaamsha waliolegea. Ndiyo maana nawaonya ninyi wenye bidii kuliko wengine.

Sisemi mfumbie macho dhambi. Ukimwona ndugu yako ameteleza, mwendee mwenyewe, mzungumze wawili, kwa upole, ukijua nawe hujaribiwa. Asipokusikiliza leo, mtaje mbele za Mungu chumbani mwako. Usilipeleke jina lake kwenye kikundi cha maombi likiwa ombi, kisha likatoka hapo likiwa habari ya mtaa mzima.